Telmo Zarra, Mfungaji wa San Mamés

Telmo Zarraonandia Montoya alizaliwa tarehe 20 Januari 1921 katika kituo cha reli cha Asua, Erandio, nje kidogo ya jiji la Bilbao, ambako baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Nyumbani walikuwa watoto kumi. Jina lake refu la Kibaski lilifupishwa mapema likawa Zarra, na kwa jina hilo alifunga mabao 251 katika ligi kuu ya Hispania kati ya mwaka 1940 na 1955, yote akiwa na klabu moja, Athletic ya Bilbao. Rekodi hiyo iliishi karibu miaka 60. Mabao hayo hayatengani na jiji lililomlea, wala na vita vilivyoisambaratisha klabu hiyo muda mfupi kabla hajajiunga nayo.

Bilbao ilitajirika kwa chuma. Katika karne ya 19 madini yalichimbwa kwenye vilima vya Bizkaia na kusafirishwa kwa meli hadi Uingereza, nazo meli zilirudi na makaa ya mawe, mafundi na mabaharia. Waingereza hao walicheza mpira kwenye viwanja vya kando ya mto. Vijana wa Kibaski wa familia zenye uwezo, waliokuwa wamepelekwa Uingereza kusoma, nao walirudi nyumbani wakiujua mchezo huo. Kutokana na makundi hayo mawili ikazaliwa Athletic, ambayo huhesabu mwaka 1898 kuwa mwanzo wake. Uwanja wa San Mamés ulifunguliwa Agosti 1913, na bao la kwanza hapo lilifungwa na Rafael Moreno, kijana mdogo wa umbo aliyeitwa Pichichi. Pichichi alifariki mwaka 1922 kabla hajatimiza miaka 30, na baadaye jina lake lilipewa tuzo ya mfungaji bora wa ligi ya Hispania.

Kuanzia miaka ya 1910 Athletic ilishika desturi ambayo haijaiacha hadi sasa: kuchezesha Wabaski tu. Desturi hiyo haikuandikwa katika katiba ya klabu, lakini ilifuatwa kwa uthabiti unaozidi ule wa sheria nyingi zilizoandikwa. Klabu ililazimika kutafuta wachezaji katika miji midogo ya kando ya mto na katika timu za mitaani, na kila kizazi kiliwajibika kutoa mfungaji wake. Baada ya Pichichi alikuja Bata, aliyefunga mabao saba siku Athletic ilipoichapa Barcelona 12-1 mwaka 1931. Bata alifuatwa na Victorio Unamuno. Chini ya kocha Mwingereza Fred Pentland klabu ilitwaa ubingwa wa ligi mwaka 1930 na 1931, kisha ikaurudia mwaka 1934 na 1936. Ilikuwa timu bora ya Hispania ilipofika Julai 1936 na jeshi likaasi.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilifuta kikosi hicho. Tarehe 26 Aprili 1937 ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa upande wa Jenerali Francisco Franco ziliushambulia kwa mabomu mji wa Gernika, na Bilbao yenyewe ikaanguka Juni 19. Kabla haijaanguka, serikali ya Wabaski ilikuwa imetuma nje timu ya wachezaji mashuhuri, wengi wao wa Athletic, izunguke Ulaya kuchangisha fedha na kuieleza dunia habari za Wabaski. Timu hiyo ilicheza Ufaransa, Urusi ya Kisovyeti na kwingineko, kisha ikavuka bahari hadi Meksiko, ambako ilishiriki ligi na kumaliza katika nafasi ya pili. Wengi wa wachezaji wake hawakurudi Hispania kwa miaka mingi. José Iraragorri, mmoja wa nyota wa ubingwa wa 1936, alikwenda kucheza Argentina.

Mpira uliporejea mwaka 1939 Athletic ilibaki na wachezaji wachache wa zamani na vijana ambao hakuna aliyewajua. Klabu yoyote nyingine ingenunua wachezaji kutoka mikoa mingine. Athletic haikufanya hivyo. Ilirudi katika miji ileile ya kando ya mto: Sestao, Basauri, Erandio. Mwaka 1941 hata jina lake lilichukuliwa, kwa kuwa utawala wa Franco ulipiga marufuku maneno ya kigeni katika majina ya vyama na biashara, ikabidi klabu iitwe Atlético de Bilbao. Jina la awali lilirudi mwaka 1972.

Zarra alikuwa akicheza katika timu ya Erandio, daraja la pili, Athletic ilipomchukua mwaka 1940. Kaka zake Tomás na Domingo walikuwa wamemtangulia katika mpira, Tomás akiwa kipa. Baba hakupenda mtoto mwingine apotelee viwanjani, na utotoni Telmo alitaniwa kuwa mwoga kwa sababu alikwepa kukwaruzana na wenzake. Mechi yake ya kwanza ya ligi ilikuwa tarehe 29 Septemba 1940 dhidi ya Valencia, ugenini. Athletic ilitoka sare ya 2-2, na mabao yote mawili yalikuwa yake. Alikuwa na miaka 19.

Mwanzoni alisubiri nyuma ya Unamuno, aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 1939–40, na miaka hiyo ya kujifunza haikuwa na mambo mengi. Mwaka 1942 Athletic ilifungwa na Barcelona 4-3 katika fainali ya kombe la taifa, ambalo wakati huo liliitwa Kombe la Generalísimo kwa heshima ya Franco. Mwaka uliofuata ilitwaa vyote viwili, ligi na kombe. Fainali ya 1943 dhidi ya Real Madrid ilikwenda hadi muda wa nyongeza bila bao, na aliyefunga bao pekee la mchezo ni Zarra. Kombe lilibaki Bilbao mwaka 1944 na 1945 pia, mara zote mbili kwa kuifunga Valencia.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1940 washambuliaji watano wa Athletic walijulikana kwa mfuatano ambao wapenzi wa mpira wa Hispania waliutamka kwa pumzi moja: Iriondo, Venancio, Zarra, Panizo, Gainza. Mpira wa enzi hizo ulichezwa na mawinga wawili, washambuliaji wawili wa ndani na mmoja wa kati, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Rafael Iriondo, winga wa kulia, alikuwa mwenyeji wa Gernika na alikuwamo mjini siku ya mabomu. Venancio Pérez alikuwa mwenye nguvu na mashuti. José Luis Panizo alicheza taratibu kuliko wenzake na aliuona uwanja vizuri kuliko wote, jambo ambalo baadhi ya mashabiki wa San Mamés, waliozoea mbio na vishindo, walichelewa kulithamini. Agustín Gainza, winga wa kushoto kutoka Basauri, ndiye aliyekuwa na kipaji kikubwa zaidi katika safu hiyo. Mwaka 1947, katika mchezo wa kombe ambao Athletic ilishinda 12-1 dhidi ya Celta, Gainza peke yake alifunga mabao manane. Golini alikaa Raimundo Lezama, aliyehamishiwa Uingereza akiwa kijana wakati wa vita na kujifunza ukipa huko, katika klabu ya Southampton.

Safu hiyo ndiyo iliyomtengeneza Zarra mfungaji. Gainza na Iriondo walikimbia hadi karibu na mstari wa goli na kumimina krosi, naye Zarra alizifuata. Alijua kuuacha mpira uje, akachelewa nusu hatua nyuma ya beki, kisha akaruka wakati beki ameanza kushuka. Vichwa vyake havikuwa vya kusukuma mpira tu; aliupiga kwa shingo na mabega, mara nyingi ukielekea chini, mahali ambapo kipa hupata shida zaidi kuufikia. Ilisemwa Hispania kwamba kichwa chake kilikuwa bora kuliko vyote Ulaya baada ya kile cha Winston Churchill. Msemo huo ulimpa umaarufu, lakini pia ulimpunja. Zarra alifunga kwa miguu yote miwili, alikuwa mwepesi wa kutoroka mabeki katika hatua chache za kwanza, na alivumilia mateke bila kulalamika katika zama ambazo waamuzi waliwalinda washambuliaji kidogo sana.

Heshima aliyopewa na wapinzani wake ilitokana pia na tabia. Katika mchezo dhidi ya Málaga, kipa na beki wa timu hiyo waligongana wakaanguka, kipa akaumia, na mpira ukabaki miguuni mwa Zarra mbele ya lango tupu. Aliupiga nje makusudi ili majeruhi ahudumiwe. Klabu ya Málaga ilimpa nishani kwa kitendo hicho. Mfungaji anayeishi kwa mabao alilikataa bao la bure mbele ya maelfu ya watu, na hakuna aliyemlazimisha.

Ufungaji bora wa ligi aliupata mara sita: misimu ya 1944–45, 1945–46, 1946–47, 1949–50, 1950–51 na 1952–53. Mabao yake ya msimu wa tatu kati ya hiyo yalizidi 30, ilhali ligi ilikuwa na timu 14 na kila timu ilicheza mechi 26 tu. Hata hivyo ubingwa wa msimu huo ulikwenda Valencia, iliyolingana pointi na Athletic na kuipita kwa matokeo ya mechi zilizokutanisha timu hizo mbili. Tangu 1943 Zarra hakushinda tena ligi. Kombe ndilo lililokuwa mashindano yake. Fainali ya 1950 dhidi ya Valladolid ilimalizika 4-1 baada ya muda wa nyongeza, na mabao yote manne ya Athletic yalifungwa na Zarra.

Wiki chache baada ya fainali hiyo alipanda ndege na timu ya taifa kwenda Brazil, kwenye Kombe la Dunia la kwanza tangu Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Alikuwa ameanza kuichezea Hispania Machi 1945, katika sare ya 2-2 dhidi ya Ureno mjini Lisbon. Gainza na Panizo walikuwa naye. Mchezo wa kwanza, Curitiba, Wamarekani waliongoza kwa muda mrefu, kisha katika dakika kumi za mwisho Hispania ikafunga matatu, la mwisho likiwa la Zarra. Chile ilifungwa 2-0, na Zarra akafunga tena. Ulibaki mchezo na Uingereza, tarehe 2 Julai 1950, katika uwanja mpya wa Maracanã jijini Rio de Janeiro.

Waingereza walikuwa wakishiriki Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na walikwenda Brazil wakijiona walimu wa mchezo. Siku tatu kabla walikuwa wamefungwa 1-0 na Marekani, matokeo yaliyoishangaza dunia ya mpira, na sasa walihitaji kuishinda Hispania ili kujipa nafasi nyingine. Walimpanga Stanley Matthews, winga aliyekuwa na sifa kuliko wote nchini mwao. Mapema katika kipindi cha pili beki wa kulia Gabriel Alonso alipanda na kumimina krosi, Gainza akaurudisha mpira kati kwa kichwa, na Zarra akaufikia mbele ya kipa Bert Williams na kuusukuma wavuni. Kipa wa Hispania, Antoni Ramallets, aliyazuia mengine yote. Uingereza ikafungasha virago.

Wahispania wengi hawakuliona bao hilo. Walilisikia redioni, kwa sauti ya mtangazaji Matías Prats, na kwa miongo kadhaa lilibaki kuwa bao maarufu kuliko yote ya taifa hilo. Umaarufu huo ulikuwa na upande wa siasa. Hispania ya Franco ilikuwa imetengwa. Tangu 1946 Umoja wa Mataifa ulikuwa umependekeza nchi wanachama ziondoe mabalozi wao Madrid. Rais wa shirikisho la mpira, Armando Muñoz Calero, aliufanya ushindi huo kuwa zawadi kwa Franco na kisasi kwa adui wa karne nyingi. Utawala uliolinyang'anya jiji la Bilbao jina la klabu yake sasa ulijivunia bao lililotoka Basauri na Erandio. Zarra hakuwa mwanasiasa na hakulitumia bao hilo kwa jambo lolote. Ni haki kulirudisha kwa wenyewe, vijana wa kando ya mto wa Bilbao waliokuwa wamezoea kupeana mipira ya namna hiyo kila Jumapili.

Hatua ya mwisho ya mashindano haikuwa nzuri. Hispania ilitoka sare ya 2-2 na Uruguay, ambao baadaye walikuwa mabingwa, kisha ikachapwa 6-1 na Brazil mbele ya umati uliojaa shangwe na nyimbo za kejeli. Katika mchezo wa mwisho Sweden ilishinda 3-1, bao la Hispania likiwa la Zarra, la nne kwake katika mashindano hayo. Nafasi ya nne ilibaki kuwa mafanikio makubwa ya Hispania katika Kombe la Dunia hadi mwaka 2010, ilipotwaa ubingwa Afrika Kusini.

Msimu uliofuata, 1950–51, ndio kilele cha Zarra. Ligi ilikuwa imeongezwa timu hadi 16, mechi zikawa 30, naye alifunga mabao 38. Athletic yenyewe ilikuwa mbali na ubingwa, uliochukuliwa na Atlético ya Madrid. Jambo hilo linastahili kutazamwa vizuri, kwa sababu mara nyingi mfungaji hubebwa na timu inayotawala michezo yake, lakini msimu huo Zarra ndiye aliyeibeba timu yenye mapengo mengi. Februari 1951 alifunga mabao manne timu ya taifa ilipoishinda Uswisi 6-3. Mabao 38 hayakufikiwa na mtu hadi Hugo Sánchez wa Real Madrid alipolingana nayo msimu wa 1989–90, katika mechi nane zaidi za ligi, na hayakupitwa hadi msimu wa 2010–11 na Cristiano Ronaldo.

Mwaka 1951 pia ulikuwa wa mwisho kwake katika timu ya taifa. Alikuwa ameichezea mechi 20 na kufunga mabao 20. Katika msimu wa 1951–52 jeraha lilimweka nje kwa muda mrefu, na wengi walidhani amekwisha. Alirudi na kuwa mfungaji bora wa 1952–53 kwa mabao 24, akiwa na miaka 32. Huo ndio msimu ambao gazeti la michezo la Marca lilianza kutoa rasmi tuzo ya Pichichi; ile mitano ya awali alihesabiwa baadaye, kwa kurudi nyuma katika kumbukumbu. Mfungaji wa Athletic alipokea tuzo yenye jina la mfungaji wa Athletic.

Mwaka 1954 klabu ilimchukua kocha Ferdinand Daučík, mzaliwa wa Slovakia, aliyetaka timu changa. Kijana Eneko Arieta alipewa nafasi ya kati, na Zarra akacheza mara chache. Kombe la 1955, ambalo Athletic ililitwaa kwa kuifunga Sevilla 1-0, lilikuwa la tano kwake na la mwisho. Aliondoka bila ugomvi, akachezea Indautxu, klabu nyingine ya Bilbao iliyokuwa daraja la pili, kisha Barakaldo, na mwaka 1957 akaacha kucheza. Mwaka mmoja baada ya kuondoka kwake Athletic ilikuwa bingwa wa ligi tena, ikiwa na Arieta mbele na Gainza bado winga wa kushoto.

Wachezaji wa kizazi hicho hawakutajirika. Zarra alifungua duka la vifaa vya michezo Bilbao na kuishi kama raia wa kawaida, akitambulika na kila mtu mtaani. Iriondo alikuwa kocha na kuipa Athletic kombe la 1969; mwaka 1977 aliinyang'anya kombe lingine akiwa na Real Betis. Gainza naye alifundisha klabu. Zarra hakuifuata njia hiyo.

Alifariki tarehe 23 Februari 2006, akiwa na miaka 85. Tangu msimu huo wa 2005–06 Marca hutoa tuzo ya Zarra kwa Mhispania aliyefunga mabao mengi kuliko wenzake katika ligi kuu, na wa kwanza kuipata alikuwa David Villa, mshambuliaji ambaye baadaye aliongoza orodha ya wafungaji wa muda wote wa timu ya taifa. Tarehe 22 Novemba 2014 Lionel Messi wa Barcelona aliifunga Sevilla mabao matatu. La kwanza lilifikia 251 ya Zarra, la pili likaipita.

Kulinganisha enzi mbili ni kazi yenye mitego. Messi alifikisha mabao 253 katika mechi 289, katika ligi ya mechi 38 kwa msimu, akiwa na timu iliyowakusanya wachezaji bora wa mabara kadhaa. Zarra alihitaji chini ya mechi 280 kufunga 251, lakini zilimchukua misimu 15, mingi ikiwa ya mechi 26, katika ligi ambayo mabao yalikuwa mengi na ulinzi haukuwa na mpangilio wa leo. Hakuna kati ya hayo linalompunguza yeyote. Linalobaki la Zarra peke yake ni kwamba kila pasi iliyomfikia Bilbao ilitoka kwa mtu wa nchi yake, katika klabu iliyokuwa imepoteza kizazi kizima cha wachezaji na kukataa kukinunua kingine. Katika kombe la taifa alifunga mabao 81, na rekodi hiyo haijavunjwa hadi leo.